Ukimwambia asiyeamini "Biblia inasema", naye akakuuliza "nani kasema Biblia iaminiwe?", unajibu nini?

MLETA MADA

Wakuu habarini, naomba hili tulijadili bila kurushiana mawe maana najua humu kuna watu wa kila kanisa na wasio na kanisa kabisa.

Nina rafiki, tumefanya kazi pamoja miaka kama sita hivi, muungwana kuliko waumini wengi ninaowajua, ila haamini. Sio kwamba anachukia dini hapana, yeye anasema tu hajaona sababu. Sasa mimi kama Mkristo nikawa najiona nina deni, nikaanza kumshuhudia. Siku ya kwanza nikamtolea Yohana 3:16, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza halafu akauliza, hayo maneno nani kasema? Nikamwambia Biblia. Akasema sawa, na nani kasema Biblia ndo iaminiwe? Nikamrushia 2 Timotheo 3:16, kila andiko lina pumzi ya Mungu. Akacheka. Wala hakucheka kwa dharau, akaniambia "kwa iyo mtuhumiwa ndo shahidi, na shahidi ndo hakimu?" Nikarudi nyumbani nimenuna, nikajisemea huyu moyo wake mgumu kama wa Farao, nimeshakung'uta mavumbi.

Kumbe mgumu nilikuwa mimi. Lile swali lilikaa kichwani wiki nzima na kila nikiligeuza naona sio swali la kipagani hata kidogo, ni swali lile lile ambalo sisi wenyewe tunagombania tangu zamani na kesi haijaisha. Nani ana neno la mwisho? Andiko peke yake? Kanisa? Papa? Mtume wa pale madhabahuni mwenye maono ya usiku? Hata kwenye idadi ya vitabu tu hatujakubaliana, Waprotestanti wana 66, Wakatoliki 73, Waorthodoksi wa Ethiopia wanahesabu 81. Sasa unaendaje kumkabidhi mtu wa nje kama jibu kitu ambacho ndani ya nyumba yenu bado mnakishindania, tena ukamkasirikia kwa kuuliza?

Thomas Aquinas, yule mwanatheolojia Mkatoliki wa karne ya 13, aliliona hili mapema. Alisema ukibishana na Myahudi mna Agano la Kale mnalokubaliana wote, ukibishana na Mkristo aliyepotoka mna Agano Jipya, lakini asiyekubali hata moja kati ya hayo mawili huna budi kuanzia kwenye akili ambayo kila binadamu anayo. Hakusema akili inatosha, maana kwake kuna mambo ya imani ambayo akili haiwezi kuyathibitisha, alichosema ni kwamba usianzie mahali ambapo mwenzako hajasimama. Na Paulo alifanya hivyo hivyo Athene, Matendo 17, ukisoma taratibu utaona hakuna sehemu pale Areopago aliposema "imeandikwa". Kaanza na madhabahu yao wenyewe ya Mungu asiyejulikana, kawanukulia washairi wao, akafika kwenye ufufuo ndo wengine wakamdhihaki, wengine wakasema tutakusikiliza tena, wachache wakaamini. Wachache tu! Na hakuwafukuzia barabarani.

Kuna jambo jingine linaniuma, niliseme tu. Sisi tunafundishwa kutouliza hata huku ndani. Ukihoji fundisho la mtumishi unaambiwa "msiwaguse masihi wangu". Hebu fungueni hiyo Zaburi 105 mwone, ni habari za wafalme kukatazwa kuwaonea Ibrahimu na wenzake walipokuwa wachache, wageni, wanahama taifa hadi taifa. Yaani andiko la kumlinda mnyonge dhidi ya mwenye mamlaka, leo linamlinda mwenye mamlaka dhidi ya swali la mnyonge. Mtu aliyezoea kunyamazishwa namna hiyo akikutana na asiyeamini hana majibu, ana vitisho tu.

Kwa iyo msimamo wangu ni huu: ukienda kwa asiyeamini, usimpe mamlaka kwanza, mpe sababu zako na umwachie haki ya kuuliza. Na pale tusipokubaliana wenyewe, sema wazi hatujakubaliana. Nipingeni.

NENO TUPU

Mleta mada umeandika vizuri ila umeacha kitu kikubwa. Neno la Mungu halihitaji mdhamini. Waebrania 4:12, li hai tena lina nguvu. Simba humtetei, unamfungulia mlango wa tundu tu. Imani chanzo chake ni kusikia, na kusikia huja kwa neno la Kristo, haijaandikwa kusikia hoja za Aquinas. Ukianza na akili ya binadamu utamaliza na akili ya binadamu. Halafu kuhusu nani ana neno la mwisho mbona rahisi, Waberoya, wale Wayahudi wa mji wa Beroya kwenye Matendo 17, walisifiwa kwa sababu waliyachunguza maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo, tena anayechunguzwa ni Paulo mwenyewe! Mtume anapimwa na andiko. Kesi imefungwa.

MROMA KINDAKINDAKI

Imefungwa na nani mkuu? Hapo ndo nakupenda. Hao Waberoya walikuwa na Agano la Kale tu mkononi, Paulo anawaletea habari kwa mdomo. Na huyo huyo Paulo anawaambia Wathesalonike wayashike mapokeo waliyofundishwa, ama kwa maneno, ama kwa waraka. Kwa maneno! Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya haimo ndani ya kitabu chochote kati ya hivyo 27, orodha kamili ya kwanza tunayoijua iko kwenye barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367. Askofu huyo. Unakula tunda halafu unasema mti haupo.

Na kama andiko peke yake lingetosha, basi Luther na Zwingli, viongozi wa mwanzo wa Uprotestanti, wangeelewana. Walikutana Marburg, Ujerumani, 1529, wote wawili kauli yao ni andiko peke yake, wakaandaa vipengele 15, wakakubaliana 14, cha mwisho kikawashinda, habari ya mwili na damu ya Kristo kwenye meza ya Bwana. Luther kaandika kwa chaki mezani "huu ndio mwili wangu", mwenzake anasema hiyo "ndio" maana yake "inaashiria". Andiko moja, neno moja, wakaachana hivyo hivyo. Yule towashi alimwambia Filipo ukweli: nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?

NENO TUPU

Na nyie mliokuwa na kiongozi mmoja ikawaje? Kuanzia 1409 mlikuwa na watu watatu kwa mpigo kila mmoja anasema yeye ndo papa, hadi mtaguso (mkutano mkuu wa kanisa) wa Konstanz ulipokuja kumaliza. Wakati huo muumini wa kawaida alitakiwa amtii yupi? Na hilo fundisho la papa kutokukosea limetangazwa rasmi 1870, miaka yote hiyo kabla yake vipi? Paulo alimpinga Petro ana kwa ana Antiokia, Wagalatia 2:11, kwa sababu alistahili hukumu. Ndo huyo Petro mnayemtegemea.

MROMA KINDAKINDAKI

Fundisho la 1870 halisemi papa hakosei kwenye mwenendo wake jamani, Petro pale alikosea mwenendo, aliogopa watu akaacha kula na Mataifa. Soma kwanza.

MLETA MADA

Samahani niwaingilie. Mnaona tulipofika? Rafiki yangu asiyeamini angekuwa anasoma hapa angekuwa ameshapotelea Marburg. Sisemi hamna hoja, mnazo, na mimi binafsi naona Mroma ana pointi kwenye ile orodha ya vitabu na Neno Tupu ana pointi kwenye Wagalatia 2, mnisamehe nimekaa katikati. Ila angalieni, kila mmoja wenu amemshinda mwenzake kwa kuonyesha kwamba mamlaka ya mwenzake ina ufa. Mtu wa nje anajumlisha tu.

MPIGA FILIMBI

Mnahangaika bure nyie. Vitabu vyote alichagua kaisari Konstantino kwenye mkutano wa maaskofu pale Nikea mwaka 325, akachoma vingine, akatengeneza dini ya kutawalia watu. Mchezo umeisha.

TOMASO PACHA

Mimi ni asiyeamini, wale wale mnaowajadili bila kuwaalika lol, na nianze na huyu wa upande wangu. Mpiga Filimbi hiyo ya Nikea kuchagua vitabu sio kweli. Nikea walikutana kwa ajili ya Ario, padri aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa na Baba, na swali la Mwana na Baba, wakagusa na tarehe ya Pasaka, suala la orodha ya vitabu halimo kwenye maamuzi yao. Ukitaka kupinga dini pinga kwa kitu cha kweli.

Sasa niwajibu waumini. Wala ugomvi wenu haunisumbui sana kama mleta mada anavyodhani. Wanasayansi nao wanagombana. Mimi kinachonisumbua ni kwamba wao kabla ya kugombana huwa wanajua ni matokeo gani yakitokea mmoja atasema nimekosea. Nyie hiyo sijawahi kuisikia. Nikiombewa nikapona, Mungu yupo, nisipopona, Mungu ana makusudi yake. Sasa ni kitu gani kingetokea ukasema "basi, nilikosea"? Mkinijibu hilo nitakaa chini tuongee hata usiku kucha, msiponijibu msiniambie moyo wangu mgumu.

MLETA MADA

Tomaso hilo swali Paulo kalijibu, na nakiri mimi mwenyewe nilikuwa silitumii kwa sababu linatisha. 1 Wakorintho 15:14, kama Kristo hakufufuka basi kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure. Kaweka shingo yake hapo. Anataja Petro, anataja Yakobo, anataja ndugu zaidi ya mia tano ambao anasema wengi wao bado wanaishi, yaani nendeni mkawaulize. Na barua hiyo wasomi wengi wanaiweka katikati ya miaka ya 50, miaka kama ishirini tu na kidogo baada ya msalaba. Hiyo siyo "amini usiulize".

TOMASO PACHA

Hapo umeanza kuongea lugha yangu. Ila mia tano ni mmoja anayesema wako mia tano, sio mashahidi mia tano. Kwamba Yesu aliishi na akauawa chini ya Pontio Pilato sina shida, Tacitus, mwanahistoria Mrumi, kaandika mwanzoni mwa karne ya 2 na hakuwapenda Wakristo. Kufufuka ndo jambo jingine. Hume, yule mwanafalsafa, alisema ushahidi wa muujiza unatosha pale tu ambapo ushahidi huo kuwa wa uongo ni muujiza mkubwa zaidi. Bado sijafika hapo.

MAMA WA KWAYA

Mimi sina Hume wala Marburg. Niliamini nikiwa na miaka arobaini na moja. Nilikuwa nimefiwa, watu wa dini walikuja wengi kuniambia kazi ya Mungu haina makosa, nikawachukia mmoja mmoja. Ila kuna dada mmoja hakusema kitu, alikuja akafua nguo za wanangu, jioni akaondoka, kesho akarudi, wiki tatu. Siku ya mwisho nilimuuliza mwenyewe, hivi wewe unaamini nini? Sasa 1 Petro 3:15 mnayoitumia kwenye semina za kushuhudia inasema tuwe tayari kumjibu kila mtu AWAULIZAYE. Kwanza aulize. Nyie mnajibu watu ambao hawajauliza. Halafu mstari unaendelea, lakini kwa upole na kwa hofu, hapo mkifika mnafunga kitabu.

TOMASO PACHA

Mama pole sana. Nikuulize kwa heshima tu, huyo dada angekuwa wa dini nyingine si ungeingia huko?

MAMA WA KWAYA

Inawezekana mwanangu, nimewahi kujiuliza hilo usiku. Sijasema nimekuthibitishia, nimekwambia kilichonipata. Yeye kanifungulia mlango, yaliyomo ndani nimeyakagua mwenyewe miaka yote hii na mengine bado nayakagua.

NENO TUPU

Mama umenigusa, hapo kwenye "awaulizaye" nimepita mara mia sikuona.

MLETA MADA

Nilete mrejesho maana wawili watatu mmeniuliza pembeni. Nilirudi kwa yule rafiki nikamwomba radhi kwa siku ile, nikamwambia swali lako lilikuwa halali na sisi wenyewe hatujamalizana nalo. Akashangaa, akasema hii ndo mara ya kwanza Mkristo ananiambia hivyo. Halafu kaomba mwenyewe nimwambie aanzie kusoma wapi, nikamwambia Marko, ni fupi, inakimbia. Ila nikamtahadharisha kwamba akifika mwisho ajue ile 16:9 mpaka 20 haimo kwenye nakala mbili kongwe za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zinaishia mstari wa 8 wanawake wakikimbia kaburini wana hofu.

NENO TUPU

Umemwambia hilo ASIYEAMINI?? Kabla hata hajafungua ukurasa wa kwanza? Mkuu umemharibu mwenyewe kwa mkono wako.

MROMA KINDAKINDAKI

Hapa leo niko na Neno Tupu, andikeni tarehe. Kuna vya kuanza navyo na vya kumalizia.

MLETA MADA

Angekuja kukuta kwenye simu siku moja saa nane usiku, peke yake, na angejua nilijua nikanyamaza. Yuko sura ya 9 sasa. Jana kaniuliza yule baba mwenye mtoto wa pepo mbona jina lake hawakuliandika.