Naomba ushauri: boya lilihama katikati ya resi ya ngalawa, mshindi halali ni nani?

Mwana_Mikindani
Wakuu, heshima kwenu. Niko Mikindani, Mtwara. Jumamosi na Jumapili iliyopita tuliendesha resi ya ngalawa, vyombo 8, mbio 4, mbili kila siku. Mwenyekiti wa kamati ni mimi. Leo siku ya tatu sijalala usingizi wa maana.

Kozi yetu ni rahisi. Mnaanzia mbele ya ufukwe, mnapiga bisha kuukabili upepo wa kaskazi hadi boya la nje, mnalizunguka mkiliacha kushoto, mnarudi na upepo mgongoni. Mizunguko miwili. Mbio ya tatu, Jumapili mchana, mzunguko wa pili, boya la nje likahama. Maji yalikuwa yanatoka, yakalivuta. Ngalawa mbili zilizoongoza zikaenda mpaka pale lilipokuwa, zikazungukazunguka zikilitafuta, hakuna kitu. Ya tatu ikaliona, ikalizunguka, ikarudi na kumaliza ya kwanza.

Swali langu ni moja tu. Kwa kanuni, aliyelizunguka boya pale lilipo si ndiye sahihi? Na hawa waliolikosa niwape jibu gani la kistaarabu?

Korosho_Ghafi
Naweka kambi hapa. Uzi wa bahari umeadimika.

Bi_Shangani
Mwanangu, kabla ya mshindi niambie, vijana walivaa jaketi okozi? TASAC, wasimamizi wa vyombo vya majini, mliwapa taarifa? Utabiri wa hali ya hewa wa TMA mliuangalia? Kaskazi ya mchana inachafuka ghafla na ngalawa ni gogo la mti na mbao mbili pembeni. Mimi nimewahi kukaa ufukweni mpaka saa nne usiku nikimsubiri mtu. Ninyi mnagombania boya.

Mwana_Mikindani
Mama, shikamoo. Jaketi zilikuwepo kwa kila baharia, hakuna aliyeingia majini bila jaketi, na boti ya uokozi ilikuwepo. Hapo niko salama. Shida yangu ni matokeo.

Nahodha_Mstaafu
Enzi zetu tukitoka Lindi na jahazi kwenda Unguja hakukuwa na boya wala kamati. Resi ilikuwa nani atafika kwanza auze kwa bei nzuri. Mwaka mmoja tulikuwa majahazi mawili, sisi na wa Kilwa, tukaonana tangu asubuhi mpaka jua linazama, huyu akipata upepo yule anakosa. Usiku foromali yetu, mti unaobeba tanga, ikapasuka. Jamaa wa Kilwa alikuwa ametupita mbali, akaiona taa yetu haisogei. Akateremsha tanga, akatungoja mpaka tulipoifunga kwa kamba. Alfajiri tukaondoka pamoja, na yeye akaingia Malindi ya Unguja mbele yetu. Hakuna aliyesema kitu, lakini bei ya kwanza alipata yeye na sisi tulifurahi kwa moyo mmoja. Vijana wa siku hizi mna haraka.

Joshi_na_Demani
Shikamoo mzee, hadithi nzuri sana, ila kijana ameuliza kanuni.

Mleta mada, nimesimamia mbio za mashua kidogo, nikujibu nijuavyo. Ukifuata kanuni za World Sailing, chama cha dunia cha mbio za matanga, hizi zinazotumika 2025 hadi 2028, kanuni ya 34 inahusu boya lililopotea au kuhama wakati mbio zinaendelea. Kamati ikiweza inalirudisha mahali pake, au inaweka jingine linalofanana nalo, au inasimamisha chombo pale chenye bendera ya M, huku ikipiga honi mfululizo ili kila nahodha aelewe. Ikishindikana, kanuni ya 32 inaipa kamati ruhusa ya kuifuta mbio. Nahodha hana kazi ya kukimbiza dumu linaloelea.

Sasa nijibu manne. Nani alikuwa kwenye boti ya kamati? Aliona boya likihama? Alifanya nini alipoliona? Na ngalawa iliyoshinda ni ya nani?

Mwana_Mikindani
Ahsante sana mkuu. Kwenye boti ya kamati nilikuwa mimi na kijana wa kushika saa. Niliona boya limesogea, kama dakika tatu kabla wale wa mbele hawajafika. Bendera ya M hatuna. Nilipaza sauti, nikasema "zungukeni hilohilo lilipo". Upepo ulikuwa mkali, wale wawili walikuwa bisha la upande wa pili, hawakusikia. Ngalawa ya tatu ilikuwa karibu nasi, ikasikia. Kwa hiyo kamati ilitoa tangazo, sikukaa kimya.

Joshi_na_Demani
La nne hujajibu.

Dada_wa_Chikongola
Hata mimi nimeliona hilo 🤔

Mwana_Mikindani
Ngalawa ni ya mjomba wangu. Sikutaja kwa sababu haihusiani na kanuni. Naomba tusihukumiane.

Mjomba hajui lolote, nahodha wake ni kijana mwingine kabisa. Na zawadi alishachukua Jumapili jioni mbele ya watu wote, mita 30 za kitambaa cha tanga na wavu mmoja. Jumatatu asubuhi fundi ameshakikata kitambaa. Sasa mnataka nimwambie nini? Huyu ndiye aliyenilipia ada tangu la kwanza mpaka nimemaliza kidato cha nne. Niliposema natafuta jibu la kuwapa wale wengine, ndivyo nilivyomaanisha. La mshindi lilishapita.

Dada_wa_Chikongola
Kaka, nakuelewa. Wasio wa huku hawajui uzito wa mjomba. Kwetu Wamakonde wa zamani mtoto alikuwa wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye neno. Mimi mahari yangu alisimamia mjomba, baba alikaa kimya pembeni na hakuona vibaya. Kumwambia mjomba "rudisha" si jambo la kulala ukaamka ukalifanya.

Lakini kwa sababu ni mjomba, ndiyo uende wewe mwenyewe, kabla hajalisikia kijiweni.

Mpole_wa_Kusini
Rushwa ni dhambi na upendeleo ni dada yake. Utalala vipi usingizi?

Mwana_Mikindani
Mkuu, upendeleo upi? Ningekuwa na nia mbaya ningekuja hapa?

Msomaji_Sana
Niweke historia kidogo, inamsaidia mleta mada. Agosti 22, 1851 Waingereza waliandaa mbio za kukizunguka kisiwa cha Wight. Ikaja mashua moja kutoka Marekani, jina lake America. Wenzake wengi wakapita nje ya meli ya taa iliyokuwa sehemu inayoitwa Nab, yeye akakata ndani akaokoa umbali. Mmoja akaweka pingamizi. Likakataliwa, kwa kuwa maelekezo hayakuwa yamekaa sawa na karatasi aliyopewa yeye haikumtaka apite nje ya ile taa. Kombe likawa lake, na mpaka leo linaitwa America's Cup kwa jina la mashua hiyo. Aliyefuata maelekezo aliyoyapata hana kosa.

Joshi_na_Demani
Na mimi sijasema mjomba ana kosa. Nahodha wake kasikia sauti ya kamati, katii. Kosa ni la kamati. Kwa hiyo wale wawili hawahitaji jibu la kistaarabu, wanastahili nafuu, maana matokeo yao yameharibika kwa jambo ambalo kamati ililifanya vibaya na wao hawakuchangia. Walilalamika lini?

Mwana_Mikindani
Nusu saa baada ya mbio, hapohapo ufukweni. Nikawaambia tutazungumza.

Joshi_na_Demani
Basi wako ndani ya muda. Kama tangazo lenu halikusema vingine, mwisho ni saa 2 baada ya chombo cha mwisho kumaliza. Tupe pointi za mbio zote nne, wa kwanza 1, wa pili 2, wa tatu 3.

Mwana_Mikindani
Subira, ngalawa ya mjomba: 2, 1, 1, 2. Jumla 6.
Ngalawa ya Msangamkuu: 1, 2, 3, 1. Jumla 7.
Ngalawa nyingine iliyokuwa mbele: 3, 3, 2, 3. Jumla 11.

Joshi_na_Demani
Angalia mwenyewe. Ukiifuta mbio ya tatu, Subira inabaki na 5 na Msangamkuu inabaki na 4. Ukiiacha mbio ukawapa walioathirika wastani wa mbio zao nyingine, Msangamkuu inapata 1.3 badala ya 3, jumla 5.3 dhidi ya 6. Njia zote mbili mshindi wa wikiendi ni Msangamkuu.

Na wewe usikae kusikiliza pingamizi hili. Mwenye maslahi anatoka, wanasikiliza watu watatu wasio na ndugu ndani ya ngalawa yoyote.

Korosho_Ghafi
Msangamkuu wanavuka na pantoni kuja kuchukua kitambaa chao 😂 Fundi ashone haraka.

Maji_Mafu
Ngojeni kwanza. Mnamshauri mtu bure, hii ni chai.

Nimezaliwa Msimbati, maji nayajua kuliko njia ya nyumbani. Mleta mada, Jumamosi usiku mwezi ulikuwa mpevu, kila mtu wa pwani aliuona. Hiyo ni bamvua, maji yanajaa na kukupwa kupita kawaida. Bamvua huku kwetu maji yanakupwa kama saa nne asubuhi na yanajaa kama saa kumi jioni. Mbio yako ya tatu ilikuwa saa ngapi?

Mwana_Mikindani
Ilianza saa saba mchana. Boya lilihama kama saa saba na dakika arobaini.

Maji_Mafu
Saa saba na dakika arobaini siku ya bamvua maji yanaingia, tena kwa nguvu. Wewe umesema yalikuwa yanatoka. Na kama yangekuwa yanatoka boya lingekwenda nje zaidi, sasa ngalawa ya tatu ingelionaje karibu na boti yako kabla ya wale wa mbele? Hakuna resi, hakuna mjomba. Kuna mtu amekaa na bando.

Msomaji_Sana
Duh. Na mimi nimeandika mpaka mwaka 1851.

Mpole_wa_Kusini
Uongo nao ni dhambi.

Dada_wa_Chikongola
Jamani, mtu anayetunga hadithi atakumbuka pointi za mbio nne mpaka zikaja kumshinda mwenyewe? Mwacheni ajibu.

Mwana_Mikindani
Resi ipo na mjomba yupo. Maji_Mafu umesema kweli, maji yalikuwa yanaingia. Niliandika yanatoka kwa sababu maji yakitoka yakabeba boya watu wanasema ni bahari.

Boya letu ni dumu la lita 20 la njano, limefungwa kwenye jiwe la kama kilo 15. Kamba nilipima mimi mwenyewe Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, maji yamekupwa. Nilishusha jiwe, nikafunga, nikaacha ziada kidogo ili dumu lisitangetange. Jumamosi tulimaliza mbio zote mbili kabla ya saa sita, halikusogea. Jumapili nikaliweka palepale kwa kamba ileile, bila kukumbuka kwamba mbio ni za mchana.

Maji_Mafu
Sasa nakuamini. Bamvua maji yetu yanapanda zaidi ya mita 3. Kamba ikiisha, dumu tupu la lita 20 linavuta juu karibu kilo 20, na jiwe likiwa majini uzito wake unapungua. Jiwe linanyanyuka chini, dumu linaondoka nalo taratibu. Ukilitazama unaona limesimama wima kama kawaida, kumbe linatembea na maji kuja ndani.

Mwana_Mikindani
Hivyohivyo. Niliona linasimama vizuri nikajua limefunga. Nilipogundua, wa kwanza kusikia sauti yangu alikuwa Subira, na nilipomwona anageuza nilifurahi. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Nahodha_Mstaafu
Mwanangu, kamba hupimwa kwa maji makuu. Ya maji kupwa inafunga mtumbwi ufukweni tu. Ulitumia pima ngapi?

Mwana_Mikindani
Pima mbili na nusu, mzee wangu.

Nahodha_Mstaafu
Weka sita. Na jiwe hilo badilisha, tafuta nanga ya kucha nne.

Bi_Shangani
Nenda kwa mjomba leo. Nenda mchana, usiende usiku kama mwenye deni.

Mwana_Mikindani
Wakuu, nimerudi. Nilikwenda jana baada ya adhuhuri. Mjomba alikuwa amekaa na fundi chini ya mkorosho, kitambaa kimetandazwa juu ya mkeka, vipande viwili vimekatwa, kingine bado kiko kwenye jora. Nilimweleza yote, kamba, sauti niliyopiga, na pointi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwambia fundi akunje.

Akaniuliza kitu kimoja tu, kwa nini nilimwacha mpaka akamwita fundi. Sikuwa na jibu.

Wavu unarudi. Kitambaa kilichobaki kwenye jora tumekipima, ni mita 19, kinakwenda Msangamkuu, na mita 11 zilizokatwa nitanunua mimi baada ya kuuza korosho zangu. Ijumaa watu watatu watasikiliza pingamizi, wawili wavuvi wa Sudi na mwalimu mmoja, mimi sitaingia ndani. Joshi_na_Demani, ile bendera ya M ikoje? Tunataka kushona kabla ya mbio nyingine.

Joshi_na_Demani
Bluu, yenye msalaba mweupe wa mshazari, kutoka kona hadi kona. Ifanye kubwa, angalau mita moja, iwekwe kwenye mti mrefu. Na mnunue honi, sauti ya mtu haifiki kwenye kaskazi.

Mwana_Mikindani
Kitambaa cheupe mjomba amesema tuchukue kwenye vile vipande. Bluu ndiyo bado natafuta.

Dada_wa_Chikongola
Nina kanga ya bluu mpya sijaivaa. Niambie nikuletee wapi.