Kikundi cha wajane Kibirizi, Kigoma?

MamaShani: Habari za humu, ndugu zangu. Mume wangu alifia ziwani, na eda nimeshamaliza. Mchana naanika dagaa, usiku usingizi hauji. Kuna kikundi kinachopokea mtu asiye na akiba?

Bi_Mwalo: Pole sana mdogo wangu. Njoo kwetu Jumamosi baada ya alasiri. Ni VICOBA, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana; sanduku la pesa lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu. Hisa utaanza ukiweza. Mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, ndio uliomzika mama yangu. Ila kwanza tunakaa, unalia, hakuna anayekuharakisha.

MzeeUjiji: Pole binti. Ndugu wa marehemu wakiutaka mtumbwi, muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri mapema.

MamaShani: Wameshauchukua, baba. Jumatatu nitakwenda. Dada, nije na mtoto?

Bi_Mwalo: Mlete, uji upo.