Makopo yamejazwa nchi moja, unga umetoka nchi nyingine, cheti kimeandikwa ya tatu. Nani alipe?

Wakuu, nimechoka na nina hasira. Mzigo wangu wa virutubisho umekwama forodha wiki ya tatu, gharama za kuuhifadhi zinapanda kila siku, na kisa ni mstari mmoja tu: nchi ya asili.

Msambazaji aliniletea cheti cha uasilia kikiwa na jina la nchi aliyopakilia meli. Afisa akasoma lebo, akasoma ankara, akauliza swali moja: vidonge vyenyewe vimetengenezwa wapi? Nikampigia msambazaji. Jibu lake: "Si imeandikwa kwenye kopo?" Nilipombana ndipo ukweli ukatoka. Vitamini C ni unga wa China, kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya vitamini C duniani. Vidonge vimekandamizwa kwenye kiwanda cha nchi nyingine. Huko kwake wamejaza makopo na kubandika lebo, basi!

Kujaza kopo hakubadilishi asili ya kitu. Kanuni inayotumika karibu kila mahali, bidhaa ikipitia nchi zaidi ya moja, ni kwamba asili yake ni pale ilipobadilishwa kikweli mara ya mwisho. Mtu anayeuza virutubisho nje kila mwezi hawezi kuniambia haijui kanuni hiyo. Anaijua. Anategemea kwamba atakayebanwa ni mimi.

Na forodha nao wasijione wasafi. Kila bidhaa ina namba yake kwenye orodha ya ushuru: unga mtupu wa vitamini uko 2936, vidonge vilivyo tayari mara nyingi huwekwa 2106. Afisa wa kwanza akasema kuhama huko kwa namba kunatosha kuhesabiwa kuwa bidhaa imebadilishwa kikweli, kwa hiyo asili ni nchi ya kiwanda cha vidonge. Nikashusha pumzi. Kesho yake zamu imebadilika, wa pili anasema kuchanganya na kukandamiza ni kazi ndogo, asili ibaki ya unga. Sheria ileile, mzigo uleule! Ningeandika lipi kwenye tamko langu?

Halafu wakaguzi wa chakula wakataka barua ya kuthibitisha kwamba bidhaa inauzwa kihalali kule inakotoka. Nikaipata kwa shida, nikaipeleka forodha nikidhani itasaidia. Wakairudisha, na hapo siwalaumu, maana barua ile inasema inauzwa wapi, haisemi imetengenezwa wapi. (Mafuta ya samaki yaliyo kwenye kontena hilohilo sijayagusa hata. Samaki kavuliwa Peru, mafuta yamesafishwa kwingine.)

Ninachodai kwa msambazaji ni tamko la mtengenezaji lenye jina la kiwanda, anwani na namba za bechi zinazolingana na zilizo kwenye makopo. Anakataa, eti kiwanda ni siri yake ya biashara. Siri gani, na hela yote ameshachukua kabla meli haijang'oa nanga?

Aliyewahi kumlazimisha msambazaji wa namna hii atoe tamko hilo, alitumia kifungu gani kwenye mkataba? Muda wa matumizi wa vidonge unasogea.