Naomba ushauri: bundi mweupe ananikimbia, na picha zote zinatoka doa tu

Mtoto_wa_Muheza:
Wakuu, salaam. Naishi Norfolk, mashariki mwa Uingereza, mwaka wa tatu sasa. Nahudumia wazee, zamu nyingi ni za usiku, kwa hiyo mchana nikiamka napita njia ya miguu inayokatiza mashambani. Huko ndiko nilikomwona bundi mweupe, yule mwenye uso kama kopa. Anaruka chini chini juu ya majani marefu kando ya mtaro, na bawa lake halitoi hata mvumo. Nyumbani bibi akisikia bundi juu ya paa alikuwa anatutoa nje tumfukuze. Nimekua namwogopa. Huyu wa hapa nasimama kumtazama mpaka vidole vinakufa ganzi.

Shida zangu: nikimfuata anakata kona anapotea. Mwanga nao mdogo, mwezi huu wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Kamera ni ya mtumba, lenzi ya kuvuta ya milimita 70-300. Kuna lenzi ya 150-600 naiwazia, ila bei yake itanila mshahara. Pia kuna banda la zamani la nyasi ambalo nahisi ndimo analala. Niingie nimsubiri humo?

Kipanga77:
Mkuu, naanza na banda: usiingie. Kwanza lina mwenyewe. Pili, sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 imemweka bundi huyu kwenye Jedwali la 1, yaani orodha ya ndege wanaolindwa zaidi. Kumsumbua kwa makusudi au kwa uzembe akiwa kwenye kiota au karibu nacho ni kosa, na adhabu yake yafika kifungo cha miezi sita. Najua Desemba si msimu wa kutaga, lakini ukimkurupusha mchana anatoka nje kunguru wanamwandama, na usingizi wake umeuharibu. Baki kwenye njia ya umma. Kwenye ramani za Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza) za 1:25,000 njia hizo zina vistari vya kijani.

Mama_Lenzi:
Mdogo wangu, kosa lako ni kumfuata. Bundi huyu ana mzunguko wake. Siku mbili acha kamera begani, angalia tu: anaanzia wapi, anageukia mti gani, anatua nguzo ipi. Siku ya tatu fika saa nane na nusu mchana, kaa chini mgongo ukiegemea kichaka ili umbo lako lisionekane, jua likiwa nyuma yako. Tulia. Anawinda kwa masikio, hivyo koti la nailoni linalochakarika liache nyumbani. Na uvae gambuti na soksi mbili. Baridi ndiyo inayowatikisa watu wengi, picha nazo zinatikisika.

Jambo moja wengi hawalijui: manyoya yake ni laini na hayahimili mvua. Usiku ukinyesha mfululizo hawezi kuwinda vizuri, basi kesho yake mvua ikikatika anatoka mchana ana njaa. Siku hiyo omba ruhusa kazini.

Sajini_Pwani:
Mimi hubana midomo nikatoa mlio kama wa panya, anakuja hadi karibu kabisa. Jaribu.

Mama_Lenzi:
Sajini, hapo sikubaliani na wewe. Kipindi hiki kila safari ya bure inamlia nguvu ambayo hana pa kuirudishia. Ndege akitoka kwenye windo lake kwa sababu yako, umemnyang'anya chakula.

Sajini_Pwani:
Nimekuelewa dada, sikulifikiria hivyo. Naacha.

Fundi_Mwanga:
Lenzi kubwa usinunue kwa sasa. Ukikaa alivyosema Mama Lenzi, 300 inatosha. Weka kasi ya shata 1/1600 ya sekunde, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) iache ipande yenyewe hadi 6400. Usiogope chengachenga, picha yenye chenga inasafishika, iliyotikisika haina dawa. Tena ndege mweupe mbele ya majani meusi huungua kwenye picha, anatoka weupe mtupu, kwa hiyo punguza mwanga kidogo. Akipita mbele ya mawingu, fanya kinyume chake. Fokasi iwe ya kufuata, na iwe kwenye jicho.

Ukitaka kuzoesha mkono, nenda Welney, hifadhi ya ndege wa majini hukohuko Norfolk. Bata maji wanaokuja kutoka Iceland wanakaa pale majira yote ya baridi. Ni wakubwa na wanaruka taratibu.

Mtoto_wa_Muheza:
Wakuu, narudi na mrejesho. Mvua ilinyesha usiku mbili. Jumamosi ikakatika saa sita, saa nane nilikuwa nimekaa chini ya geti la shamba. Dakika hamsini hakuna kitu. Kisha akatokea upande wa mtaro, akaja moja kwa moja, akasimama hewani kama mita nane kutoka nilipo, akageuza uso chini, akajitupa kwenye majani. Alipoinuka alikuwa na panya mwenye mkia mfupi mguuni. Nilipiga arobaini na kitu. Iliyotoka ni moja: macho meusi tititi, na majani makavu mawili yamenasa kwenye kucha.

Nilimtumia mama amwonyeshe bibi. Bibi aliishika simu muda mrefu, hakutaja uchawi. Aliuliza tu, kwenye baridi yote hiyo, huyo panya mmoja anamtosha?