Tupeane uzoefu: uliwahi kupewa dawa isiyo sahihi? Haki uliidai vipi?

Wakuu, mwezi wa nne nilimpeleka mama kliniki ya presha. Daktari akaandika amlodipine, nikainunua duka la dawa karibu na stendi. Foleni ilikuwa ndefu. Dada wa dirishani akakata kipande cha pakiti, akatia kwenye bahasha, akaandika 1x1 (kidonge kimoja, mara moja kwa siku), nikalipa kwa simu. Sikusoma.

Siku ya pili jioni mama akaanza kutoka jasho, akawa ananitazama kama hanijui, kisha akaanguka. Walipompima, sukari ilikuwa imeshuka hadi 1.8. Daktari akaomba kuona dawa anazotumia, akageuza pakiti: glibenclamide. Dawa ya kushusha sukari, na mama hana kisukari! Walimtundikia dripu ya glukosi akazinduka, alfajiri sukari ikashuka tena. Alilazwa siku nne.

Alipotoka nikarudi dukani na bahasha mkononi. Wakaomba radhi, wakarudisha hela, wakasema "tuachie tuangalie". Nikawaachia. Nilipoifuata wiki iliyofuata, haipo. Nina uchungu nayo mpaka leo. Waliopitia haya, mlianzia wapi?

Binti wa Tabora
Pole sana ndugu yangu, na mama apate nafuu kamili. Sisi ilikuwa shangazi, ana baridi yabisi. Aliandikiwa methotrexate mara moja kwa wiki. Dirisha la dawa la hospitali ya serikali wakaandika kwenye bahasha 1x1, naye akameza kila siku. Siku ya tisa mdomo ulikuwa vidonda vitupu, hata uji haupiti. Damu ilishuka, akalazwa wiki mbili. Bahasha hatukuitoa, tulimpa mganga mkuu nakala tu. Malalamiko yetu bado yanashughulikiwa.

Mfamasia Moro
Nasema kama mtu wa ndani. Glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana sukari ya mama ilishuka mara ya pili. Makosa mengi yanatokea hivi hivi: pakiti zinafanana, majina yanafanana (metformin na metronidazole zinatusumbua sana), na aliye dirishani mara nyingi si mfamasia. Unapopewa dawa, mwombe akutajie jina lake na inatibu nini, ukiwa bado umesimama pale. Ukiona kosa, andika barua Baraza la Famasi. Ndilo linalosimamia wataalamu wa dawa na maduka yenyewe, na lina uwezo wa kuchukua hatua za nidhamu. Hatupendi kusikia haya, lakini tukinyamaziana wagonjwa wanaumia.

Wakili wa Iringa
Ongezea hapo, Mfamasia: Baraza linamwadhibu mtaalamu, ila fidia ya mgonjwa inatoka mahakamani. Shauri lenyewe ni la madai ya uzembe. Lazima uonyeshe kwamba muuzaji alikuwa na wajibu wa kuwa makini kwako, akaukiuka, na madhara yakatokana na ukiukaji huo. Hapo kwenye kuunganisha dawa na madhara ndipo kesi nyingi zinapokwama, kwa hiyo taarifa ya daktari aliyekutibu ina uzito mkubwa.

Muda pia uangalieni. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya namna hii. Binti wa Tabora, ninyi mnaidai serikali, hivyo kabla ya kufungua shauri mnatakiwa kutoa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Msisubiri majibu ya malalamiko huku miaka inakwenda. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aombe msaada wa kisheria; sheria yake ipo tangu 2017.

Nawe mwenye uzi, kupotea kwa bahasha hakujaiua kesi. Daktari aliiona pakiti. Je, aliandika?

Mwenye uzi
Wakili, asante sana. Nimetoka hospitali sasa hivi, nimeomba muhtasari wa kulazwa. Ameandika jina la dawa na namba ya sukari. Cheti cha kliniki cha amlodipine kipo, na meseji ya malipo sikuifuta, ina jina la duka na tarehe. Barua ya Baraza naiandika leo usiku. Binti wa Tabora, nikutumie nilivyoiandika?