Injini ya rota au ya pistoni kwenye ndege ya kujijengea: ipi inakula mafuta machache?

Mjenzi_Malindi:
Wadau, salaam. Ndege ya viti viwili, ya alumini, bawa la chini, inajengwa hapa Malindi na sasa imefika pa kuchagua injini. Ziko mbili mezani: Lycoming O-320 ya pistoni, farasi 160, na Mazda 13B ya rota (kipande cha pembetatu kinachozunguka badala ya pistoni), ya gari la RX-7, yenye gea ya kupunguza mizunguko, 2.85 kwa 1. Safari yake kubwa itakuwa Malindi hadi Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, na kurudi bila kujaza mafuta huko. Kila mtu anasema rota inabugia mafuta, lakini hakuna anayetaja kiasi. Nipeni tarakimu. Halafu, rota ya lita 1.3 itakulaje zaidi kuliko Lycoming ya lita 5.2?

FundiRota:
Hiyo 1.3 ndiyo inayowapoteza wengi, tuimalize kwanza. Kila rota ya 13B ina chumba cha sentimita za ujazo 654, na ziko rota mbili. Shafti ikizunguka mara moja, kila rota imeshavuta chumba kimoja kizima. Injini ya pistoni ya mipigo minne inahitaji mizunguko miwili ya shafti ili silinda zote zivute. Kwa hiyo kwa hewa inayopita ndani, 13B ni ndugu wa injini ya lita 2.6, tena inayozunguka mara 5,000 na zaidi kwa dakika, ilhali Lycoming iko 2,400. Acha lita, linganisha kwa gramu za mafuta kwa kila farasi kwa saa.

O-320 iliyokondeshwa mchanganyiko vizuri safarini (yaani mafuta yamepunguzwa dhidi ya hewa) inakula gramu 195 hivi kwa farasi kwa saa. 13B ya kawaida iko karibu na 225. Ukiwa na mfumo wa kupuliza mafuta unaodhibitiwa kwa kompyuta na unajua kukondesha, inashuka hadi kama 210. Tuseme unasafiri kwa farasi 120:

Lycoming: kilo 23.4 kwa saa, yaani lita 32.5 za avgas, petroli ya ndege.
13B: kilo 27 kwa saa, yaani lita 36 za petroli ya kawaida, ambayo ni nzito kidogo kuliko avgas.

Pengo ni asilimia 15 kwa uzani. Linatoka wapi? Chumba cha kuchomea cha rota ni kirefu na chembamba, kuta ni nyingi kuliko ujazo, kwa hiyo joto linaishia kwenye chuma badala ya kusukuma. Moto unachelewa kufika mwisho wa chumba, ndiyo maana kuna plagi mbili kwa kila rota na bado moshi unatoka ukiwa wa moto mno. Sili za ncha za rota nazo zinavujisha kidogo. Na kwenye 13B za zamani tundu la ekzosi liko ukingoni, linabaki wazi wakati tundu la kuvutia limeshaanza kufunguka, hivyo moshi unarudi kuchafua hewa mpya. Renesis, injini ya rota ya gari la RX-8, iliyoanza 2003, ilihamishia ekzosi kwenye kuta za pembeni ikaondoa kasoro hiyo, na mgandamizo ukafika 10 kwa 1. Kama ulaji ndio unaokuumiza kichwa, tafuta hiyo badala ya 13B ya zamani.

Kusi_Mkali:
Hesabu ni sawa, ila 195 ni ya rubani anayeishughulikia nobu nyekundu, ile ya kukondesha mchanganyiko. Akiiacha imesukumwa hadi mwisho toka Malindi mpaka Manda, hiyo Lycoming inapita 225 na tofauti yote imekufa. Na kabureta haigawi mafuta sawasawa kwa silinda nne: ukikondesha sana, moja inaanza kukohoa kabla ya wenzake. Ukiwa asilimia 75 ya nguvu au chini yake, kondesha hadi injini itetemeke, kisha rudisha mafuta kidogo mpaka itulie.

Rota ina faida hapa. Haina valvu za ekzosi za kuungua na hainoki (mafuta hayalipuki ovyo ndani) kirahisi, kwa hiyo unaweza kupita kilele cha joto la moshi ukaendelea kukondesha. Kinachoumia ni bomba la ekzosi. Moshi wa rota unagonga nyuzi 900, na chuma cha kawaida hakikai. Tumia stenlesi ya 321 au Inconel.

Mjenzi, hiyo 2.85 inataka injini 5,700 ili propela ipate 2,000. Msuguano unapanda na mizunguko. Safarini fungua throtoli yote, kisha punguza mizunguko kwa propela yenye pembe kubwa.

Mjenzi_Malindi:
Shukrani. Basi kwa safari yangu tofauti ni lita ngapi hasa? Na petroli ya kituo inafaa kwa zote mbili?

RubaniManda:
Malindi hadi Manda ni kama kilomita 140. Kwa kasi ya kilomita 260 kwa saa, kwenda na kurudi ni dakika 65. Weka lita 8 za kuwasha, kutembea chini na kupanda, na akiba ya dakika 45. Rota inataka kama lita 74, Lycoming kama 68. Lita 6 hizo haziamui injini. Wakati wa kaskazi upepo unakupiga usoni ukienda, kusi unakupiga ukirudi, kwa hiyo usikate akiba.

Petroli: O-320 ya farasi 160 ina mgandamizo wa 8.5 kwa 1 na imetengenezewa avgas. Ile ya farasi 150, yenye 7 kwa 1, ndiyo inayovumilia oktani ndogo. 13B inakubali petroli ya kawaida bila ugomvi. Wanaofikiria Rotax 912 ULS, injini nyingine ya pistoni ya ndege ndogo, wakumbuke inataka RON 95 (kipimo cha oktani), soma karatasi ya mafuta na si bango la kituo. Usinunue yenye ethanoli kama sili za tangi hazikutengenezewa.

Adui wa petroli pwani ni mvuke. Ndege ikikaa juani Manda nusu saa, mafuta yanachemka kwenye bomba lililo juu ya injini, na pampu inavuta hewa tupu wakati wa kuruka. Weka pampu chini karibu na tangi, vika mabomba ya mbele ya ukuta wa moto (unaotenga injini na rubani) soksi ya kuzuia joto, na rudisha mafuta yaliyobaki kwenye tangi badala ya kuyazungusha karibu na injini.

Ongezea oili ya sili za ncha ukiondoa ile pampu ya Mazda inayopeleka oili hiyo: mililita 5 hadi 8 kwa kila lita ya petroli. TC-W3, ile ya mashine za boti, wengi wanaitumia, na Lamu haikosekani. Ni karibu robo lita kwa saa, nayo ni gharama.

FundiRota:
Hapo kwenye mafuta yanayorudi ndipo vipimo vingi huharibika. Kipima mtiririko kimoja kwenye bomba la kwenda kinahesabu hata yale yanayorudi, na rota inaonekana inakunywa lita 100. Weka viwili utoe tofauti, au tumia hesabu ya kompyuta ya injini, kisha ihakikishe: jaza tangi hadi alama ndege ikiwa sawa chini, ruka saa nzima kwa nguvu ileile kwenye futi 3,000, jaza tena hadi alama ileile. Kasi halisi ipate kwa kuruka pande tatu zinazotofautiana nyuzi 120, na usome GPS.

Kusi_Mkali:
Na upime kwa kilomita, si kwa saa tu. Rota inamwaga joto lake kwenye maji na oili, na oili peke yake inabeba karibu theluthi. Rejeta isiyo na mdomo mzuri wa kuingizia hewa inaivuta ndege nyuma, nawe unaongeza throtoli ufidie. Mara nyingi asilimia 15 inakuwa 25 kwa sababu ya mfereji mbovu wa hewa, si injini. Jenga mfereji unaopanuka polepole kabla ya rejeta, ziba kila upenyo pembeni yake, na njia ya kutokea ibanwe ili hewa itoke kwa kasi. Oili ikizidi nyuzi 100 kwenye joto la Machi, kuza kipoza oili kwanza kabla ya kupanua mdomo.

Lycoming nayo ikikaa wiki tatu bila kuruka kwenye hewa hii ya chumvi, kemshafti iliyo juu inakauka oili na kushika kutu. Kuizungusha propela kwa mkono hakusaidii, ipashe moto kwa kuruka.