Wazazi wenu huvaa nini wakiwa nyumbani? Tupeane uzoefu

MamaWawili
Habari za jioni wadau. Juzi tulikuwa Tanga kwa wakwe. Tumefika saa kumi jioni, baba mkwe akatoka kutupokea barazani: msuli kiunoni, fulana nyeupe, kofia kichwani, makubazi miguuni. Mwanangu wa miaka 6, mzaliwa wa Arusha, akanivuta mkono akauliza kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani: "Mama, mbona babu kavaa sketi?"

Masikio yalipata moto kwa aibu. Mzee alicheka tu, akamwita, "Njoo hapa bwana mkubwa," wakaingia ndani.

Usiku nikakumbuka siku yangu ya kwanza pale, miaka 9 iliyopita. Mimi mwenyewe nilidhani mzee anaumwa! Kwetu Marangu ukimkuta mwanaume mzima kajifunga nguo kiunoni mchana kweupe, ujue katoka hospitali kupasuliwa. Nilimpa pole. Akanijibu "tumeshapoa," na mume wangu hakunieleza kitu mpaka tunarudi.

Baba yangu asubuhi yuko na koti zito, kofia ya pama na gambuti, anakata majani ya ng'ombe. Mama ni gauni, juu yake sweta, kitenge kimefungwa kiunoni juu ya gauni, kitambaa kichwani. Ikifika Julai anaongeza soksi. Sijawahi kumwona mama yangu mabega wazi hata siku moja, na si kwa dini, ni kwa baridi.

Kwenu je? Si harusini wala kanisani. Nyumbani, siku ya kawaida.

Kijana wa Mikindani
Msuli ndiyo nguo, dada. Suruali ni ya kazini. Mzee wangu akirudi alikuwa hasalimii mtu, anapitiliza chumbani, anatoka na msuli, ndipo anasema "haya, hamjambo humu?" Sisi watoto tulihesabu baba kafika pale alipovaa msuli, si pale alipofungua mlango.

BintiWete
Umenikumbusha mama yangu, Pemba. Ndani ni kanga. Moja kaifunga kifuani au kiunoni juu ya gauni jepesi, ya pili haiko mwilini, iko karibu: juu ya mlango, begani, au imekunjwa penye kiti. Ikisikika "hodi" tu, kabla hajajibu, mkono ushaifikia. Anajitanda, anakusanya nywele zote, ndipo anaitika "karibu". Ni kitu cha sekunde mbili. Mpaka leo nikisikia hodi, mkono wangu unatafuta kanga hata kama nimevaa koti.

Kutoka nje ni buibui, na hapo nasema lile la zamani, la kufunga kamba nyuma ya kichwa, si haya mabaibui ya Dubai yenye vifungo na mawe. Lile lilikuwa linajua kufunika. Bibi alikuwa anabeba samaki, mtoto na kikapu ndani yake, nje huoni kitu.

MwanaMvita
Hiyo ni leso, dada. Kanga ni ndege.

BintiWete
Ni ndege na ni nguo. Imeitwa hivyo kwa yale madoa.

MwanaMvita
Mombasa Biashara Street leso za Mali ya Abdulla zinauzwa tangu 1887, na mamangu haziiti kanga. Leso ni neno la Wareno, kitambaa cha mkono. Wanawake wa zamani walikuwa wanashona vitambaa sita, vitatu kwa viwili, wapate kimoja kikubwa cha kujifunga. Jina ni hilo.

BintiWete
Haya, basi mama yako avae leso na mama yangu avae kanga, doti ni moja.

Msafwa_Halisi
Sisi wa bara kanga tunaijua kama taulo tu, mnapigania nini?

BintiWete
Jisemee mwenyewe. Hata huko kwenu, mama yako alipokwenda kukuzaa alikwenda na kanga, na wewe ukafungwa ndani yake. Usiite taulo.

Mzee Kaniki
Wanangu, hamjambo. Msigombane. Mimi ni Mgogo. Mama yangu alikuwa mtu wa kaniki, ile nguo nyeusi nzito, anaifunga juu ya kifua, na shanga shingoni. Kanga aliijua ukubwani, na aliiheshimu kama nguo ya wageni.

Mtakaokumbuka: Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU walianza Operesheni Vijana Dar es Salaam. Sketi fupi, suruali za kubana na mawigi ilikuwa marufuku. Dada yangu alikuwa anasoma mjini. Mama aliposikia, alimtumia kanga moja kwa mkono wa dereva wa lori ili ajifunge juu ya gauni lake. Mama mwenyewe alibaki na ile nyingine moja.

Halafu miaka ya mwanzo ya themanini nguo zilipoadimika madukani, wake wa kaka zangu wawili waligawana doti moja. Msiba ukitokea alikuwa anakwenda mmoja mwenye vipande vyote viwili, mwenzake anabaki na watoto. Msiba ukifuata wanabadilishana. Sijawahi kuwasikia wakilalamika mbele za watu.

MamaWawili
Shikamoo mzee. Hili la kugawana doti limenigusa sana.

MtotoWaKilolo
Mimi ni Mhehe. Baba yangu na mgolole hawaachani. Anavaa shati, suruali, halafu mgolole mweusi juu, umepita chini ya kwapa la kulia na kufungwa begani kushoto. Iringa hakuna anayegeuka kumtazama.

Nilimleta Dar macho yakiwa yanamsumbua. Getini kwenye hospitali moja mlinzi akamwambia, "Mzee, blanketi acha nje." Baba hakuelewa. Mlinzi akashika ncha ya mgolole. Nilikuwa nimetangulia dirishani kulipia, nasikia sauti ya baba, nageuka naona mtu mzima wa miaka 71 kakumbatia mabega yake kwa mikono miwili kama anayevuliwa nguo hadharani.

Nikamwambia, "Baba, vua tu, ndani una shati." Hilo ndilo ninalojutia. Alinitazama akasema, "Nikivua nitaingia uchi." Tulikaa kwenye benchi la nje kuanzia saa mbili mpaka saa sita, mlinzi wa zamu ya pili alipokuja akampisha bila neno. Macho yalitibiwa. Lakini njia nzima ya kurudi hakusema na mimi, na alikuwa na haki.

KijanaWaLongido
Pole kaka. Sisi tumeyazoea. Baba yangu ni lubega, shuka mbili, katambuga na fimbo, na anayo suruali moja ambayo amenunua kwa ajili ya maofisi peke yake. Watu wa mjini wanaona Mmasai ni Mmasai. Mama yangu akimwona mwanamke kwa mbali anasoma shanga zake, rangi na mpangilio, anajua ni wa olosho gani, yaani kundi gani la Wamasai.

Ng'wanaMagu
Nimesoma hapo kuhusu kanga kuwa taulo nikashindwa kunyamaza. Naandika kitu ambacho kwetu hakizungumzwi.

Mimi ni Msukuma, nimeoa Bagamoyo. Mama yangu ana kanga nyingi, anafunga kwenda shamba, anabebea mtoto, anafunikia ugali usipoe. Kusoma anajua, alimaliza darasa la nne. Ila kwetu yale maandishi ni sehemu ya maua. Anajifunga hata jina, yaani hayo maandishi, likiwa limesimama kichwa chini. Anachagua kwa rangi na kwa uzito: anaikunja ncha kwa vidole, anaivuta, anaitazama kwenye jua.

Tulipokwenda kutoa mahari tuliambiwa kuna kilemba cha baba na mkaja wa mama, zawadi za wazazi wa binti. Mama yangu akasema mkaja nachagua mimi, ni jambo la wanawake. Alikwenda sokoni Mwanza mara mbili. Akapata doti ya kijani na njano. Akaipiga pindo mwenyewe kwa mkono, usiku, kwa taa, kwa sababu hakutaka fundi wa cherehani aiharibu. Safari nzima ya basi aliishika mapajani.

Siku yenyewe wanawake wako ndani, sisi wanaume ukumbini, pazia tu katikati. Nasikia vigelegele, kilemba kimepokelewa. Kisha mkaja. Somo wa mke wangu, yaani kungwi wake, akaichukua doti, akaikunjua, na kama ilivyo desturi yao akasoma jina kwa sauti:

"HASIDI HANA SABABU."

Kigelegele kimoja kilikuwa kimeshaanza, kikakatika katikati. Pakawa kimya. Nikasikia mtu akiuliza pole pole, "Hasidi nani?" Nikamsikia mama yangu, kwa Kiswahili chake cha Magu, kwa furaha kabisa, akisema: "Mmeiona rangi yake? Nimeitafuta mimi mwenyewe!"

Hapo ndipo palipokuwa pabaya. Mama wa mke wangu aliondoka akaingia chumba cha ndani. Mjomba wa binti akasema mbele yetu kwamba kama mmekuja kutukana mngetukana nje. Baba yangu hakujua analojibu kwa sababu hakujua kosa liko wapi. Mama aliitwa akaonyeshwa maandishi kwa kidole, herufi moja moja. Alisoma. Akasoma tena. Akakaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa kanga yake aliyovaa.

Mahari ilipokelewa, tulioana. Ila mama yangu hakukanyaga tena Bagamoyo miaka minne.

BintiWete
Ya Rabi. Nimelia. Na ninawaelewa wote wawili. Kwetu mwanamke hanunui kanga, ananunua jina. Anaweza kuacha rangi nzuri dukani kwa sababu ya neno moja.

Tabasamu_Tabora
Na ile doti ikawaje???

MwanaMvita
Ndugu yangu, hapo leso au kanga sibishani tena. Pole.

Msafwa_Halisi
Mimi nina shaka. Muuza duka angemwambia.

Ng'wanaMagu
Muuza duka ni wa kwetu pia. Alimwuzia rangi.

FundiMagomeni
Ushauri kwa mnaooa pwani: nunueni kisutu. Ni kanga ya harusi tangu enzi, hakuna atakayekuuliza.

Tabasamu_Tabora
Au kitenge, hakina maneno. Hakuna kesi.

BintiWete
Kitenge kwa mkaja? Utaambiwa umekata bei. Peleka doti, lakini umpe dada wa mkeo akasome kabla.

KijanaWaLongido
Pelekeni ng'ombe. Ng'ombe haandikwi.

Mama Kalemie
Miye niko Kigoma, ila mama yangu alitoka ng'ambo, Kongo. Kwao ni kikwembe, na si kipande kimoja: kimoja kinashonwa blauzi, kimoja kinafungwa chini, cha tatu kinafungwa juu yake au kinabeba mtoto. Hata akienda kuchota maji, kaoanisha. Majirani hapa walimwona ana majivuno. Mama alikuwa anasema mwanamke anayechanganya vitambaa viwili kaamka vibaya, kwa hiyo na yeye aliwaonea huruma wao. Walihurumiana miaka ishirini bila kuambiana.

DadaKilifi
Nyanya yangu Mgiriama mpaka anakufa alivaa hando, ile nguo ya marinda mengi inayojaa kiunoni. Alisema nyonga ile alipewa na mama yake. Mjukuu anayemcheka alikuwa hapewi mabuyu.

Tabasamu_Tabora
Ng'wanaMagu rudi. Doti ikawaje?

MamaWawili
Na mimi nasubiri, nimeacha maharage jikoni.

Ng'wanaMagu
Samahani, nilikuwa barabarani.

Mke wangu alipojifungua mtoto wa kwanza, mama mkwe alikuja kumlea siku arobaini. Akaleta nguo za kumfungia mtoto, kati yake kuna kanga ya kijani na njano. Niliitambua. Ilikuwa fupi kidogo kuliko doti ya kawaida, kama shubiri moja. Nikaigeuza. Pale penye jina palikatwa, ukanda wote, na pindo la chini limerudishwa na kushonwa kwa mkono.

Sikusema. Nilipiga picha, nikamtumia mama kwa simu ya mdogo wangu. Wala hakutazama mtoto kwanza. Aliniuliza, "Nani kashona? Mishono yake ni midogo kuliko yangu."

Nikampa mama mkwe simu. Walizungumza kuhusu sindano karibu nusu saa. Mwezi uliofuata mama alipanda basi. Alikuja na doti nyingine, na jina la hii alilisoma dukani kwa sauti, akamwita na mpita njia asome, kisha akanipigia nisikilize: "Mgeni njoo mwenyeji apone."

BintiWete
Sina la kuongeza.

Mzee Kaniki
Mama zako wote wawili wapewe shikamoo yangu.

MtotoWaKilolo
Kesho nampigia baba. Nitamwomba msamaha kwa lile neno nililomwambia pale getini.

MamaWawili
Asanteni sana. Niwaambie na yaliyojiri kwangu: baba mkwe alipoingia na mjukuu ndani, alimfunga msuli wake wa zamani, ukaburuzika sakafuni, mtoto akautembelea hivyo hivyo siku tatu. Sasa tumerudi Arusha anakataa kaptula akitoka shule. Kuna anayejua msuli wa mtoto wa miaka 6 unauzwa wapi hapa mjini?

Kijana wa Mikindani
Usinunue. Mwambie babu yake akate ule ule, nusu abaki nao yeye.